Tarehe kwenye Pakiti ya Maziwa

Vilasini hukaza pindo la sari kiunoni kabla ya kupiga kengele ya geti la mtu yeyote, utadhani anaingia ulingoni. Miaka sita nimetembea nyuma yake katika kata ya saba ya Chembanpara, mimi nikibeba viroba na yeye akibeba mdomo. Nyumba nyingi za kata ile tulizipata kwa mdomo huo.

Kabla ya hapo alibangua korosho kiwandani kwa miaka kumi na tisa, akiwa amechuchumaa sakafuni kuanzia asubuhi. Kiwanda kikafungwa bila hata kuagana na watu, naye akabaki na vidole vyeusi ambavyo mafuta ya maganda ya korosho hayakuviachia tena. Halmashauri ilipotafuta wanawake wa kukusanya vifungashio vya plastiki nyumba kwa nyumba, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mimi Ramla nilikuwa wa pili, kwa sababu alinishika mkono akanivuta.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mara moja kwa mwezi tunapita wawili wawili, tumevaa makoti ya kijani, kila nyumba inatupa pakiti zake za maziwa, za biskuti, za sabuni, za chipsi, zikiwa zimeoshwa na kukaushwa. Tunazipeleka kwenye banda la halmashauri nyuma ya soko la samaki, tunazichambua aina kwa aina, tunazifunga kwenye viroba. Kisha lori la kampuni linatoka ng'ambo ya milima, linazichukua kwenda kiwandani kuyeyushwa. Sisi tunawafumbua watu macho, halmashauri inaleta lori. Ndivyo tulivyoambiwa siku ya semina, na chai tukapewa.

Mwaka wa kwanza tulitukanwa mpaka tukazoea. Mwanamke mmoja alinipa mfuko wenye magamba ya samaki na damu, akaniambia, "Si ndiyo kazi yenu?" Vilasini akaurudisha juu ya ngazi ya nyumba yake iliyosuguliwa ikang'aa. "Osha, dada. Pua ninayo kama wewe." Alifundisha hata jinsi ya kufungua maziwa. Watu hukata kona ya pakiti, ile kona ndogo ikaanguka na kupotelea kwenye udongo, na ng'ombe akaila. Kwa hiyo akawa anasimama jikoni mwa watu na mkasi mkononi: "Ipasue, lakini usiitoe. Iache ining'inie. Umeona? Sasa wewe."

Aliyetushinda kabisa alikuwa Mwalimu Varkey. Huyu ni mstaafu, alifundisha hesabu nusu ya Chembanpara, akiwemo mwenyekiti wetu wa halmashauri, Sadanandan. Kila alasiri alichoma plastiki zake chini ya mnazi, moshi mweusi ukatanda mtaa mzima, na majirani wakachoma zao kwa kuwa Mwalimu anachoma.

"Wewe mama wa koti la kijani," alimwambia Vilasini, "halmashauri inakulipa uje kuchungulia jalala langu?"

"Sichungulii jalala, Mwalimu. Nimeufuata moshi wako. Unaingia jikoni kwangu kila siku bila kubisha hodi."

"Haya, nikiosha, nikaanika, nikakupa, mnazipeleka wapi? Si mnaenda kuzimwaga mtoni huko!"

"Zinaenda kiwandani."

"Umekiona hicho kiwanda?"

"Sijakiona."

"Ehe! Hujakiona!" Akatugeuzia mgongo.

Vilasini alirudi mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Mara ya tisa Mwalimu alitoka na pakiti thelathini za maziwa, safi, zimepangwa na kufungwa kwa uzi. Kila moja aliiandika kwa kalamu ya wino mweusi tarehe aliyoifungua, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni ambao kila mtu hapa anaujua.

"Nimezitia alama," akasema. "Siku nikiikuta hata moja imezagaa mahali, nakuja nikufunge kamba kwenye hili geti, watu wote wapite wakuone muongo."

"Tafuta kamba ngumu, Mwalimu. Mimi nina nguvu."

Baada ya hapo kata nzima ilifuata. Ukipita asubuhi unaona pakiti za maziwa zimeanikwa kambani pamoja na nguo za shule. Moshi ulikwisha. Vilasini hakuwa na kitu cha thamani ila neno lake kwamba pakiti zile zinafika kiwandani, na watu walilishika neno lile.

Mwaka huu lori likaacha kuja. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne. Banda likajaa mpaka paa, panya wakazaliana, sisi tukawa tunachambua nje juani. Kila Jumatatu Vilasini alipanda ngazi za ofisi ya halmashauri, na kila Jumatatu Sadanandan alimjibu kwa upole ule ule: "Dada Vilasini, faili liko mezani." Faili! Watu mia mbili wanaosha mifuko kwa maji waliyoyavuta kisimani kwa mikono yao, na yeye kazi yake moja ni kusaini karatasi.

Halafu zikaja habari kwamba wakaguzi wa wilaya watafika Ijumaa kuitunuku Chembanpara kwa usafi. Ghafla mwenyekiti akatujua kwa majina. Akaagiza Vilasini avikwe shali ya heshima jukwaani kwa niaba ya kata ya saba, kata iliyo safi kuliko zote.

Jumanne ya wiki hiyo kulikuwa na mgomo ulioitishwa na chama cha siasa. Hapa kwetu siku ya mgomo haichezewi: maduka yanafungwa, vijana wanaweka mawe barabarani, kila mtu anakaa ndani anakula muhogo na samaki. Jumatano tukaenda bandani. Lilikuwa tupu. Sakafu imepigwa maji, hata panya hawakuwepo.

"Lori la kampuni limekuja jana mchana," akasema Biju, msimamizi wa banda.

Mungu anisamehe, nilipiga makofi. Vilasini hakupiga.

"Jana?"

"Jana, dada. Limebeba vyote."

"Jana fundi umeme alishushwa kwenye pikipiki yake pale njia panda, wakatoa na upepo wa tairi. Lori kubwa la kutoka ng'ambo ya milima limepita wapi, Biju? Limeruka?"

Biju akachukua fagio, akaanza kufagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Miaka yote anakula nasi, uongo wa maana hajui kuutunga! Alilitaja lori la ng'ambo katika siku ambayo hakuna gari la mgeni linaloingia Chembanpara.

Nje, alama za matairi ya trekta hazikuelekea barabara kuu. Zilipanda kilima. Tulizifuata nusu saa juani, mpaka kwenye machimbo ya zamani ya mawe mekundu, lile shimo la mraba lenye maji ya kijani chini, lililo juu ya visima vyetu vyote. Viroba vyetu vilikuwa mle. Vingine vimepasuka, pakiti zinaelea.

Vilasini alishuka kwa makalio, akishika mizizi. Alipekua kwa dakika chache tu. Akapanda na pakiti moja ya maziwa, kona yake inaning'inia vizuri kama alivyofundisha, na juu yake mwandiko wa ubaoni: Januari 14. Akakaa juu ya jiwe. Sijapata kumwona amekaa kazini.

Nitasema na langu, hata kama linaniaibisha. Nilimwambia, "Dada, tuitupe tushuke. Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona," akasema.

Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mwalimu Varkey, tope jekundu mpaka magotini. Hakupiga kengele, aligonga geti kwa ngumi. Mzee alipotoka, akampa pakiti kupitia nondo.

"Nimeitoa shimoni kule machimboni. Zipo zote. Nimekuja unifunge."

Mwalimu aliisoma tarehe yake mwenyewe, akaigeuza, akaisoma tena. "Nendeni," akasema. Akamrudishia, akafunga geti kwa komeo. Nilitamani atutukane, ingekuwa nafuu.

Alhamisi alasiri moshi mweusi ulipanda tena chini ya mnazi wake. Kabla jua halijatua nilihesabu nyumba kumi na moja. Vilasini alisimama uani kwake akiutazama, ngumi zimekunjwa, na mimi nikalia kwa hasira, maana miaka sita ya miguu yake ilikuwa inapaa pale mbele yetu ikinuka.

Ijumaa asubuhi ukumbi wa halmashauri ulijaa. Mezani, mbele ya kila mkaguzi, palikuwa na kichupa cha maji cha plastiki, kile kidogo cha kunywa mafunda matatu na kutupa. Sherehe ya kupunguza plastiki, jamani! Juu ya vile vichupa Sadanandan alihutubia kwamba kila pakiti inayotoka jikoni mwa Chembanpara inafika kiwandani. Watu wa kata yetu walikaa nyuma wakiwa wameinamisha vichwa. Mwalimu Varkey alisimama mlangoni, hakuingia.

Likaitwa jina la Vilasini. Akapanda jukwaani. Sadanandan akakunjua shali ili amvike, na Vilasini akauzuia mkono wake hewani, akamnyoshea ile pakiti ya maziwa.

"Kwanza nisomee hii, Mwenyekiti."

"Dada, si wakati wake sasa..."

"Tarehe tu. Mwandiko si unaujua? Umefundishwa hesabu kwa mwandiko huo."

Aliisoma kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na kikaibeba mpaka barabarani. "Januari... kumi na nne."

"Hii imelala shimoni juu ya visima vya kata ya saba, pamoja na kila kitu mlichotoa bandani siku ya mgomo. Mnataka tuzo? Twendeni mkaikague, ni nusu saa kwa miguu. Mimi nimekwenda na miguu yangu hii."

Ukumbi ulilipuka. Sadanandan alibaki ameshika shali mikono miwili kama mtu aliyeambiwa ashike mtoto wa mwenzake. Wakaguzi walipanda kilima na viatu vyao vya ngozi, wakaona, wakaondoka bila kula.

Mnadhani ni nani aliyevitoa viroba vile shimoni? Mwenyekiti? Biju? Ni sisi, wanawake wa makoti ya kijani, siku tisa ndani ya maji yanayonuka. Siku ya pili Sadanandan alikuja na glovu mpya na mpiga picha, akashika kiroba kimoja kwa muda wa picha tatu. Gazetini alionekana peke yake. Bado yuko kwenye kiti chake. Na lori? Lori lilikuja siku ya kumi. Faili lililokaa mezani miezi minne lilisainiwa mchana mmoja. Hilo ndilo ambalo sitalisamehe, kwamba muda wote ule lilikuwa jambo la mchana mmoja.

Mwezi ulipogeuka tukaanza mzunguko. Mageti mengi yalikuwa kimya. Vilasini alikaza pindo, akapiga kengele ya kila moja. Kwa Mwalimu Varkey nilimwomba tupite tu. Akapiga.

Mzee alitoka na furushi lake la pakiti, limefungwa kwa uzi kama zamani. Macho yalikuwa mekundu, sijui ni kwa moshi wake. Vilasini alilipokea, akalifungua, akageuza pakiti ya kwanza, ya pili, ya tano.

"Mwalimu, tarehe ziko wapi?"

"Za nini tena?" akasema mzee. "Nilikuwa naandika kwa sababu sikukuamini. Sasa nakuamini."

Nilidhani atalia, maana mimi nilikuwa nimeshaanza. Yeye alikasirika. Alizisukuma pakiti zote zikarudi kupitia nondo.

"Sizipokei."

"Nimekwambia nakuamini, mama!"

"Sasa mimi niliwahi kuzitupa? Kuniamini mimi hakuzuii trekta. Andika, Mwalimu. Andika kwa wino usiofutika, na safari hii uweke na jina."

Mzee akaingia ndani kutafuta kalamu. Alikaa kwenye ngazi akaziandika moja moja, na sisi tukamsubiri juani.

Sasa kata nzima inaandika. Hata zangu nimeandika, Ramla, na siku. Sadanandan anakaa kata yetu, nyumba ya kona yenye geti la bluu. Jumamosi iliyopita mkewe alitoa kiroba kizima kisicho na alama hata moja, na Vilasini akakirudisha, akasema hataondoka. Tulisimama pale mpaka mwenyekiti mwenyewe akatoka na kalamu, akachuchumaa, akaandika jina lake juu ya kila pakiti.