Shikamoo ya kwenye godoro la sufi

Leo nimemwamkia Mwalimu wa Biolojia nikiwa nimelala chali dukani. Bado nacheka, bado naona aibu.

Nahamia bweni pale pale shuleni, kwa hiyo mimi na Mama tulishuka Masasi kutafuta godoro. Mimi nilitaka la sufi. Sponji hunichoma mgongo kwa joto. Mama hakutaka kusikia.

"Sufi inafanya mabonge, mwanangu."

Fundi magodoro akasema, "Mama Neema, mwache ajilaze kwanza."

Nikajilaza. Jamani! Nikafumba macho.

Ndipo nikasikia sauti ya Mwalimu akiuliza bei ya mito. Darasani akiingia huwa tunasimama wote. Nikajaribu kusimama, sufi ikanimeza.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema nikiwa palepale.

"Neema! Unaamkia watu wazima umelala?" Mama akafoka.

"Marahaba," Mwalimu akajibu. "Wenzake husinzia kwenye kipindi changu. Huyu kaja na godoro kabisa!"

Mama akanivuta, akajilaza yeye, anionyeshe jinsi mtu mwenye adabu anavyoinuka upesi.

Tukasubiri.

Mwalimu akalipia mito yake, akaaga. Mama bado.

"Fundi," akasema hatimaye, macho kayafumba, "tufungie hili."

Jumatatu kipindi cha kwanza ni Biolojia. Nishaurini, niingie na uso gani?