Ngazi za Nyumba Isiyo Yetu

Picha ile niliipiga mimi. Nianze na hilo, maana kwa miaka mingi nimewalaumu wakwe zangu na hilo nikawa nalipita pembeni. Mume wangu amesimama kwenye ngazi za nyumba nyeupe ya ghorofa nne, mkono mmoja kwenye reli ya chuma, nyuma yake mlango mweusi unaong'aa kama umepakwa mafuta. Bega lake limeziba namba ya nyumba. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara nikimwambia asogee kushoto, atabasamu, na aufiche ule mfuko wa plastiki wenye mikate yetu.

Ilikuwa Jumapili, katika miaka ya tisini. Tulikaa Walthamstow, pembezoni mwa London, chumba kimoja katika nyumba ya watu wengi. Yeye alifanya kazi ghalani kule Hayes, karibu na uwanja wa ndege, na mimi nilihudumia wazee majumbani. Tukitoka kanisani tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi katikati ya mji, kisha tukatembea mpaka nyayo ziwake moto. Mume wangu aliupenda mji ule wa zamani kuliko wengi waliozaliwa humo. Alinipitisha kwenye vichochoro vya kupita mtu mmoja mmoja nyuma ya mabenki. Alinionyesha makanisa ya mawe meusi yaliyobanwa katikati ya majengo ya vioo, na bustani ndogo ambako watu wa maofisini wanakula mchana wamekaa kando ya makaburi ya zamani, wala hawajali. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita. Thelathini alipiga mawe, vitasa, taa na pembe za mapaa. Sita za mwisho zilikuwa za kutuma nyumbani.

Za kutuma nyumbani, kila mtu wetu anajua zinavyopigwa. Huvai nguo za kazi. Husimami kwenye jiko mnalochangia watu kumi na mmoja. Unatafuta gari la mtu, unaliegemea haraka kabla mwenyewe hajatokea. Mume wangu hakupenda magari, alipenda milango.

Wiki ile mama yake alikuwa ameandika barua kwamba mtoto wa jirani aliyeko Uarabuni ametuma picha ya nyumba yake, na watu wanauliza, wa kwako aliyeko Ulaya je? Basi mume wangu alikaa kitandani akaandika nyuma ya picha: Mama, hii ndiyo nyumba yangu.

Nikamwambia, "Wewe mwanaume, wakija siku moja utawaambia nini?"

"Nani aje? Wataruka na ungo?"

Tukacheka. Nikailamba bahasha, nikaifunga. Kesho yake niliitia kwenye sanduku la posta kwa mkono wangu.

Miaka mitatu baadaye alianguka kazini asubuhi, akiwa anafunga kabati lake la nguo, na hakuamka. Watanzania wenzetu walichanga, tukamsafirisha. Tulimzika kwao, nyuma ya nyumba ya mama yake. Siku ya kuanua tanga watu wakaitwa sebuleni, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akaiteremsha ile picha kutoka ukutani. Walikuwa wameitia fremu.

"Shemeji," akasema, "sisi hatuna maneno mengi. Hati ya nyumba hii iko wapi?"

Nikawaambia ukweli. Si nyumba yake, alisimama tu kwenye ngazi za watu. Sebule nzima ikanitazama kama niliyemtukana marehemu.

"Kaandika kwa mkono wake," shemeji akasema. "Unataka kusema ndugu yangu mwongo? Hata siku arobaini hazijafika!"

Shangazi yao mmoja akadakia kutoka mlangoni, "Mwongo huyo. Kwenye nyumba hiyo keshamweka mwanamume mwingine."

Mama mkwe alikaa tu, mikono mapajani. Shemeji ndiye aliyetoa hukumu: nisikanyage pale, na kaburi nisilisogelee, mpaka nilete hati. Nikaondoka bila hata kumuaga mume wangu. Nililia ndani ya basi, lakini si kwa huzuni. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma. Nilimkasirikia shemeji na yule shangazi. Nilimkasirikia pia maiti, aliyelala kimya akaniachia mimi uongo wake niubebe.

Nilikuwa na njia moja tu. Nirudi London, niitafute nyumba, nijue ya nani, niwapelekee ushahidi. Lakini niitafute wapi? Hatukuandika mtaa. Na London ina nyumba nyeupe zenye milango myeusi kama punje za mchele. Kila siku yangu ya mapumziko, kwa karibu mwaka mzima, nilishuka mjini na nakala yangu ya ile picha mkononi na kamera yake shingoni. Nilitembea Pimlico, Bayswater, Kensington, mtaa kwa mtaa, upande wa kulia nikienda, wa kushoto nikirudi.

Nisiseme uongo, ni mji mzuri. Asubuhi ya baridi jua likipiga zile kuta nyeupe, mtaa mzima unakuwa kama umefuliwa. Nilipiga picha mpaka vidole vikafa ganzi. Na kadiri nilivyoona uzuri wake ndivyo nilivyozidi kuchukia. Katikati ya mitaa ile kuna bustani zenye maua na mabenchi, zimezungushiwa vyuma, zina kufuli, na hakuna mtu ndani. Kuna nyumba zenye madirisha ishirini ambazo sikuona taa wala pazia likitikisika mwaka mzima. Sisi Walthamstow tulipanga foleni ya choo. Mara moja mwanamume mmoja alitoka na mbwa wake akaniuliza kama angeweza kunisaidia, kwa ile sauti ambayo kwa Kiswahili ni "ondoka hapa." Nikamwambia namtafuta mume wangu. Alirudi ndani akafunga.

Nilichoshikilia ni kitu kidogo. Kwenye picha, karibu na kiatu cha mume wangu, palionekana kifuniko cha chuma cha duara, cha shimo la kutupia makaa ya mawe zamani. Viko vingi kwenye njia zile, kila kimoja na nakshi yake. Hiki kilikuwa na nyota, na ukingo wake ulikuwa umemeguka. Nikawa natembea nimeinamisha kichwa, kama mtu aliyeangusha pete. Ndivyo nilivyokipata, Alhamisi moja. Nikainua macho, nikaiona reli, nikauona mlango. Nikakaa kwenye ngazi ileile, kisha nikasimama nikabonyeza kengele kabla sijaogopa.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke mweusi wa umri wangu, amevaa sare ya wahudumu wa wazee kama yangu. Alinitazama juu mpaka chini, akanung'unika kwa Kiswahili, "Na huyu naye anataka nini saa hii?"

"Nataka kukuuliza neno, dada," nikamjibu.

Akashika mdomo. "Ai! Kumbe wewe ni wetu!" Alikuwa Mkenya, analala humo humo akimtunza mwenye nyumba, bikizee asiye na watoto. Nikamwonyesha picha, nikamweleza. Nilitegemea atanihurumia. Akacheka mpaka akashika kizingiti.

"Dadangu, mimi mwenyewe niko na picha hapo hapo. Krismasi nilivaa koti ya huyu bibi, nikatuma nyumbani. Wanadhani niliolewa na mzungu!"

"Na ukifa?"

Kicheko kikakatika. "Usiniletee mkosi asubuhi."

"Si mkosi. Nakuuliza, ukifa, nani atawaambia? Mimi nimefukuzwa kwenye kaburi la mume wangu kwa sababu ya ngazi hizi. Simama hapo na sare yako nikupige picha. Wakwe zangu waone anayefungua mlango."

"Na watu wangu waione? Zii. Piga mlango, mimi siingii."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwita mwoga. Nilimwambia kuosha mwili wa mzee si aibu, aibu ni koti la kuazima. Alinisikiliza amekunja mikono, halafu akasema polepole, "Wewe ulipiga hiyo yake, sivyo? Basi usinifokee mimi." Akafunga mlango, si kwa nguvu.

Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi, maana alisema kweli.

Nilipiga mlango, reli na kile kifuniko. Ila nilipokuwa kwenye treni nikielekea nyumbani nilijua hazitasaidia. Picha ya nyumba nzuri ni picha ya nyumba nzuri, ungeongeza na nyingine kumi wangesema ana nyumba kumi na moja. Nikafika chumbani kwetu, na filamu ilikuwa imebakiza picha sita. Nikapiga kitanda chetu kimoja, chenye tofali mahali pa mguu. Nikapiga ukungu kwenye pembe, jiko la pamoja na majina ya watu kwenye makopo ya maziwa, foleni ya asubuhi mlangoni mwa choo. Nikapiga dirisha, ambalo tulilifunika kwa kanga kwa sababu pazia halikuwepo. Ya mwisho nilimwomba jirani anipige mimi, na sare yangu. Sikutabasamu. Nyuma ya ile ya kitanda niliandika: Mama, hapa ndipo alipolala mwanao, na ile picha ya nyumba niliipiga mimi. Nikazituma zote.

Shemeji alipiga simu. "Umepiga chumba cha mtumishi wako ukatuletea! Ulaya gani ina ukungu?" Nikamkatia.

Lakini baada ya wiki mama mkwe alinipigia mwenyewe, kwa simu ya jirani. Alikuwa anapiga kelele kama watu wasiozoea simu.

"Hiyo kanga ya dirishani ni yangu. Nilimfungia vitumbua siku anaondoka."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anasikia baridi?"

"Alikuwa anasikia, mama."

"Njoo," akasema.

Nilikwenda mwaka uliofuata. Kitu cha kwanza nilichokiona sebuleni ni ile fremu, imerudi msumarini. Damu ikanipanda kichwani, ila nilikaa, nikapewa chai. Jioni akaja mgeni, mke wa mchungaji mpya, akaitazama ile picha akasema, "Bwana asifiwe! Hii ndiyo nyumba ya marehemu?"

Shemeji alichungulia kikombe chake. Mama mkwe akanitazama, na nilielewa ananiomba nini. Kaburini nilikuwa sijapelekwa bado.

"Si yake," nikasema. "Ni ya bibi mmoja wa Kizungu. Marehemu alipanga chumba, na alipakia mizigo ghalani."

Mama mkwe akamsogezea mgeni sahani ya viazi. "Kula, mama," akamwambia. Hakuniambia neno tena usiku ule, na nilijua nimejinyima nilichokifuata.

Asubuhi alinikuta nafunga begi. Alikuwa na majembe mawili.

"Majani yameota," akasema. "Unaenda wapi?"

Tukapita nyuma ya nyumba. Kwenye msalaba walikuwa wameandika jina lake kwa herufi ndogo, na chini yake, kwa rangi nyeupe, LONDON, kubwa mara mbili. Nilitamani kuung'oa.

"Nani kaandika hivi?" nikauliza.

"Kaka yake," akasema mama mkwe, akainama akaanza kulima upande wa kichwani. "Lima kwanza. Rangi tutaitafuta kesho."