Mtoto Hakimbizwi Kama Mwenge

Naikumbuka siku hiyo, mwanangu, hata nisipoulizwa naikumbuka, na tangu jana uliponionyesha kwenye simu ratiba ya likizo yenu nimeshindwa kutulia. Jumamosi mnatoka Buswelu, Jumapili mko Bukoba, Jumatatu kwa wakwe zako, Jumanne sijui wapi tena, na mtoto mwenyewe ana miezi mitatu! Nilikwambia ni nzuri. Nilikuwa nadanganya. Mkeo alikuwepo, sikutaka kukuumbua mbele yake. Lakini baba yako ni mdogo wangu wa tumbo moja, na kama baba mkubwa hawezi kukusema, nani atakusema? Wewe keti. Mimi nitasimama. Unanijua, kiti na mimi hatujawahi kupatana.

Tulipompata Lucia, mtoto wetu wa kwanza, nilikuwa kijana wa duka la vipuri mjini. Tajiri wangu alikuwa mzee wa Kihindi, mtu wa maneno machache, na mimi ndiye nilikuwa miguu yake: nenda stoo, kimbia bandarini, pita benki, rudi haraka. Miaka sita sikuchukua likizo hata siku moja, na wala sikuona kama nimepungukiwa. Mwaka huo akaniita akasema, "Masanja, sasa una mtoto. Chukua siku kumi, nenda kapumzike." Nilifurahi mpaka nikasahau kushukuru.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Mkuyuni, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Mama yako mkubwa, Mungu amlaze pema, alikuwa Mkerewe, amekulia kisiwani, na ule ukuta ulikuwa unamkondesha. Nilipomwambia habari ya likizo alitaka kitu kimoja tu. Twende kwa shangazi yangu, ng'ambo ya ziwa upande wa Kamanga, ambaye nyumba yake iko karibu na maji. "Nikae nitazame ziwa, ninyonyeshe mtoto wangu, nilale," alisema. "Basi, sitaki kingine." Nikamwambia hilo limekwisha. Haki ya Mungu, siku hiyo nilimaanisha.

Kesho yake nikaanza kuhesabu ndugu. Sisi mtoto wa kwanza lazima aonyeshwe, unajua mwenyewe. Sasa nitavukaje kwenda kwa shangazi bila kuingia Buswelu kwa baba mkubwa wangu? Watasema Masanja amepata kazi kwa Mhindi, kajisahau. Na nikiingia Buswelu, mjomba wa Kisesa akisikia je? Nikamwongeza. Halafu kuna binamu zangu Sengerema mjini, na rafiki wa marehemu baba kule Geita. Mpaka jioni nilikuwa na nyumba tano, na kwa shangazi ilikuwa ni kupita tu, tunywe chai, tuondoke. Na nikwambie ukweli, maana umri huu kudanganya kunanichosha: haikuwa heshima peke yake. Lucia alikuwa amefanana na marehemu mama yangu, sura ileile, na mimi nilitaka kila nyumba waseme hivyo niwasikie.

Buswelu tulifika Jumatatu. Watu walijaa uwanjani, mtoto akapokelewa, vigelegele, akapita mikono mpaka nikapoteza hesabu. Mimi nikapewa kiti cha heshima. Na mke wangu? Mke wangu aliingia jikoni. Ni mke wa ukoo, atakaaje barazani wakati mama wakwe wanachochea moto? Alikata nyanya, akasonga ugali, akaosha vyombo. Mtoto akilia huku nje wanamrusharusha, wanamwimbia, wanamnyamazisha. Wakimpelekea, moshi umejaa, na barazani kuna baba wakwe, hawezi kutoa ziwa mbele yao. Ananyonyesha kidogo amesimama nyuma ya mlango, anaitwa tena, "Mkwe, maji yamechemka!" Adabu tupu, mwanangu. Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa na nia mbaya.

Jioni ile aliniambia, "Baba Lucia, maziwa yanapungua." Nikamjibu nini? Nikamwambia, "Kunywa chai ya kutosha, kesho tunaondoka mapema." Hivyo hivyo, kama namjibu mteja. Kisesa ikawa Buswelu nyingine, kuku akachinjwa, mke wangu akamnyonyoa. Alisema tena. Mimi nilikuwa nauliza magari yanatoka saa ngapi.

Jumatano asubuhi tukapanda kivuko. Lucia, ambaye siku mbili alikuwa analia kila saa, sasa alikuwa kimya kabisa mgongoni mwa mama yake. Nikafurahi! Naona aibu kulisema hili, lakini nilifurahi. Nikamwambia mke wangu, "Umeona? Mtoto kashaizoea safari." Alikuwa anatazama maji, yale maji aliyoyatamani, na machozi yanamtoka, na mimi nikaenda mbele ya kivuko kuona kama tunakaribia.

Ngoja nifunge hilo geti, mbuzi wa jirani wataingia kwenye mchicha.

Haya. Tukafika kwa shangazi mnamo saa tano. Shangazi yangu alikuwa mjane, mfupi, mweusi tii, na ulimi wake ulikuwa haujui mkubwa wala mdogo. Alikuwa anaanika dagaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajajifuta mikono nikaanza: "Shangazi, tumekuletea mjukuu umwone, lakini hatukai, saa saba tunawahi gari la Sengerema." Nilingoja apige vigelegele. Nilingoja aseme amefanana na mama.

Wapi! Alimfungua mtoto mgongoni, akamtazama usoni, akapitisha kiganja juu ya utosi. Kiganja kikasimama pale.

"Huyu amekojoa saa ngapi?" akauliza. Aliniuliza mimi.

Nikamtazama mke wangu. Yeye akasema kwa sauti ndogo, "Tangu jana usiku nepi ni kavu, shangazi."

"Utosi umebonyea," shangazi akasema. "Masanja, mtoto wako anakauka."

Niliutazama ule utosi na kweli palikuwa na kishimo, na midomo ya Lucia ilikuwa imepauka, na mimi siku tatu nilikuwa nasikiliza watu wakisema mtoto mzuri, mtoto mzuri, bila kumtazama. Nikaanza kusema kitu juu ya ndugu, kwamba ningewapita wangeninunia. Shangazi akanikata. Ndipo aliponipa vidonge vyangu mbele ya mke wangu na mbele ya majirani wawili.

"Huyu ni mtoto au ni mwenge?" alifoka. "Mwenge ndio unakimbizwa, leo kijiji hiki, kesho kile, watu wanaushika, wanaimba, unaondoka! Nani alikutuma umkimbize mtoto? Beba, twende zahanati. Sasa hivi!"

Tulikwenda nusu tunatembea, nusu tunakimbia. Muuguzi alimpima, akambana ngozi ya tumbo kidogo, akamwangalia macho, akamtazama na mama mwenyewe. Akasema mtoto hana homa, ana njaa na kiu, na mama amechoka mpaka maziwa yamemkimbia. Wapumzike, mama anywe uji na maji mengi, mtoto awekwe kifuani anyonye wakati wote. Akatazama saa ya ukutani. "Ikifika saa kumi hajakojoa, au akilegea zaidi kabla ya hapo, mrudi mbio. Tutatafuta gari la kumpeleka hospitali ya wilaya."

Saa kumi. Wakati huo ilikuwa inakaribia saa saba.

Kufika nyumbani shangazi akawapa mama na mtoto kitanda chake mwenyewe. Mke wangu, kwa ile adabu yake, akashika sufuria aende kuosha. Shangazi akamnyang'anya. "Kwangu hapa wewe si mkwe," akamwambia, "wewe ni mzazi. Lala." Akageuka akaniambia nivue viatu. Nikavua. Akavichukua akavifungia kwenye kabati lake la vyombo, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. "Vyombo vile pale," akasema. "Na nepi zile."

Nikaosha. Majirani walicheka, nikaosha. Nikimaliza natembea peku kutoka mlangoni mpaka kwenye dagaa, kutoka kwenye dagaa mpaka mlangoni, nachungulia. Saa saba na nusu, kavu. Saa nane, kavu. Nasikia mtoto ananyonya, ananyamaza, ananyonya, na sijui kama anapata kitu. Niliahidi mambo mengi kwa Mungu saa zile. Nilitaka kukimbia kutafuta gari, nilitaka kwenda kumsumbua muuguzi kwa maswali, nilitaka kufanya chochote cha miguu, na hapakuwa na kazi ya miguu. Shangazi aliniangalia tu, akasema, "Safari hii kukimbia hakukusaidii."

Saa tisa shangazi alitoka na mtoto. Mke wangu alikuwa amepitiwa na usingizi hatimaye. Akanikalisha kwenye mkeka, akanifungua shati, akamlaza Lucia kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunika kanga. "Usisimame," akasema. Unaelewa, mwanangu? Mimi, kiguu na njia, nisisimame! Goti langu lilikuwa linacheza lenyewe. Nikaanza kuhesabu pumzi za mtoto ili nisihesabu dakika. Mgongo wake wote ulienea kwenye kiganja changu. Nilikuwa baba wa miezi mitatu na sikuwa nalijua hilo, kwamba mgongo wake unaenea kwenye kiganja changu.

Saa tisa na nusu ikapita. Saa kumi kasoro robo nikamwambia shangazi aniletee viatu, tuondoke, sitangoja tena. Akaanza kufungua pindo la kanga. Na hapohapo nikasikia joto tumboni. Nikadhani ni jasho langu. Likashuka mpaka kiunoni, likaingia kwenye suruali.

"Amenikojolea!" nilipiga kelele. "Shangazi, amenikojolea! Mama Lucia, njoo uone, suruali yote!"

Nililia mbele za watu, na sijali. Mke wangu alitoka mbio, nywele timutimu, akaishika ile suruali mbichi kwa mikono miwili kuhakikisha. Akacheka, akalia, akaketi pale mkekani. Nikamwambia anisamehe, kesho tutarudi mjini, nitamtafutia daktari mkubwa, nitafanya hivi, nitafanya vile. Akaniwekea mkono mdomoni.

"Baba Lucia," akasema, "tangu unioe sijawahi kukuona umekaa. Likizo yangu ilikuwa hiyo tu. Kaa."

Nikakaa. Jioni tukampeleka tena zahanati, muuguzi akaridhika, na kila asubuhi tukawa tunamrudisha apimwe. Sengerema hatukwenda, Geita hatukwenda. Ndugu waliosikia walivuka wenyewe kuja kumwona Lucia, na shangazi aliwapokea mlangoni, wakanawa mikono, wakamtazama akiwa kwa mama yake, wakapika wenyewe. Rafiki wa baba alininunia miaka miwili. Nilivumilia, na wewe ukinuniwa utavumilia.

Sasa sikia ninachokuambia. Futa hiyo ratiba. Chagua nyumba moja, ambayo mkeo atalala mchana bila kuona haya, na mtoto atanyonya pale anapotaka, siyo pale wageni wanapomaliza. Kabla hamjaondoka mpelekeni kliniki, mwulizeni muuguzi juu ya safari. Mtoto akinyamaza njiani usishangilie, mtazame, ushike nepi yake kwa mkono wako mwenyewe. Mkeo akikwambia jambo mara moja, lisikie mara hiyo hiyo. Na ikibidi mgeuze safari katikati, geuzeni, hata kama ng'ambo wameshachinja.

Utaniuliza kama nilijifunza. Nusu. Tulikaa kwa shangazi siku saba zile zilizobaki, tukarudi Mkuyuni, na Alhamisi yake nilikuwa nakimbia tena na vipuri mgongoni. Kila mwaka nilimwambia mama yako mkubwa kwamba mwakani tutakwenda tena, na alikuwa anaitikia, "Sawa, baba Lucia." Ndoa yetu ilikuwa ya miaka thelathini na mmoja. Nimezihesabu siku nilizokaa naye nikiwa nimekaa kweli, mwanangu, na ni zile saba.

Nenda. Mungu awavushe salama, maziwa ya mkeo yasikauke, mtoto akukojolee kila siku mpaka uchoke kufua. Na ukifika huko, vua viatu umpe mkeo avifiche.