Siku Niliyompa Mkwe Mgongo

Kuna watu Birmingham hii ambao mpaka leo wakinikuta Coventry Road huniangalia kwanza kiunoni ndipo waniangalie usoni, na sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe na kikoi changu. Nilishaapa kwamba mkasa huu nitausimulia nikiwa na wajukuu, lakini naona kila anayeusimulia anatia chumvi yake (kuna mmoja anadai polisi waliitwa, hakuna polisi aliyeitwa), basi afadhali muusikie kwangu, na aibu yake niwape nzima nzima bila kupunguza.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi yangu ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini kule Edgbaston, na nyumbani ni Selly Oak, nyumba ya kupanga na wanafunzi wanne ambao hakuna hata mmoja anayeosha sufuria. Baiskeli sikuwa nayo wala sikuwa na haja nayo. Niliyekuwa na haja naye ni Zulekha, na Zulekha ana baba, na baba mwenyewe ni Mzee Hersi, Msomali wa Isiolo aliyeendesha basi hapa mjini zaidi ya miaka ishirini, na tangu astaafu amepata wazimu mmoja tu, nao ni baiskeli.

Nilipokwenda kwao Small Heath kujitambulisha nilivaa kanzu, nikajifukiza udi mpaka abiria kwenye basi wakafungua madirisha. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake taratibu, halafu akaniuliza, "Uko na baiskeli?"

Nikasema sina, mzee.

"Nunua. Mwezi wa sita tunaenda Scotland, siku tano, Glasgow mpaka Inverness. Kuja na sisi. Jibu yako nitakupatia huko."

Zulekha alinisindikiza mlangoni, akaninong'oneza, "Just keep up, Rajabu. Na usipande van, please. Baba can't stand people who get in the van."

Basi nikanunua baiskeli, nikajifua miezi mitatu kando ya mifereji mpaka mabata wakanizoea, na mwezi wa sita tukaondoka watu kumi. Kiongozi wetu alikuwa Jaggi, Singh wa Kisumu mwenye duka la baiskeli, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Gari la mizigo aliliendesha Mama Béa, Mkongo, mwenye ndizi, chai na huruma za kutosha kila anayetaka kukata tamaa.

Sasa niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa wazimu wangu. Hawa watu huendesha kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, karibu karibu mpaka tairi zinakaribia kubusiana, ili wa mbele amkinge wa nyuma na upepo. Wa mbele akiona shimo au kokoto anashusha mkono kuonyesha, kwa sababu wa nyuma haoni barabara, haoni kitu chochote isipokuwa (tuambiane ukweli, sote watu wazima) makalio ya mwenzake. Na kaptula zenyewe ni zile za kubana, ambazo chini yake hakuvaliwi kitu.

Kwetu mkwe ni mtu mzito. Mbele yake huli ukajilamba vidole, hucheki mpaka jino la mwisho, na makalio yako, hata yakiwa ndani ya suti, humpitishii usoni. Nilikuwa bado sijapewa binti, sawa, lakini ndiyo hasa wakati wa kuonyesha kwamba nimelelewa. Siku ya kwanza nikajibanza mwisho kabisa wa mstari. Siku ya pili nikajifanya tairi langu linapungua upepo, nikawa nasimama simama mpaka mzee awe mbali. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya tatu asubuhi tuko Tyndrum, safari ya kwenda Fort William, maili karibu hamsini, siku ndefu na upepo unatoka huko huko tunakokwenda. Jaggi akatupanga upya. "Rajabu, wewe kijana, na uko na mgongo kubwa. Leo utakaa mbele ya Mzee Hersi umkinge."

Nilimtazama mzee. Alikuwa anavaa glavu zake. Akasema, "Sawa."

Siku nzima! Baba wa Zulekha, mtu ambaye neno lake moja lilikuwa linatosha kunirudisha Selly Oak kwenye masufuria, akae siku nzima anatazama nyuma yangu! Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Nikaenda garini, nikafungua begi, nikatoa kikoi changu cha kulalia, cha zambarau chenye mistari myeupe, nikajifunga juu ya kaptula.

Jaggi alinitazama kuanzia miguuni. "Rajabu, hiyo nguo itaingia kwa chain."

"Haingii, fundi. Naibana."

"Itaingia, nakuambia."

Mama Béa akanipa pini mbili, nikakibana kikoi kushoto na kulia, nikajiona mtu mwenye heshima zake, tukaondoka.

Maili za kwanza zilikwenda vizuri. Tulipovuka daraja na kutokea wazi, upepo ukaja wa haki, na kikoi kikajaa, kikanyanyuka, kikaanza kupiga nyuma yangu pwa, pwa, pwa, na mimi nikakazana kukanyaga nikijisemea moyoni kwamba hata mlio wake ni wa adabu. Nimekwenda hivyo kama maili mbili ndipo nikasikia sauti.

"Rajabu."

"Naam, mzee."

"Kuna kitu inanipiga kwa uso."

Jamani! Nilitaka ardhi inimeze na baiskeli yake. Nikaomba radhi mara tatu, nikapeleka mkono nyuma, nikakikusanya kikoi na kukikalia, na katika kukivuta vile pini moja ikachomoka ikaniingia kwenye kaptula. Niliisikia lakini nikanyamaza, kwa sababu mlima ulikuwa umeanza na mlimani huachi usukani. Mlima ule unapanda hadi kwenye maegesho ambapo watu husimama kutazama ziwa lililo chini, na nilipokaribia juu nikainuka kwenye pedali kuongeza nguvu. Kuinuka tu, kikoi kikateleza kutoka nilipokikalia, cheni ikakidaka.

Haikuchukua hata dakika. Tairi la nyuma likagoma, mimi nikalala ubavu polepole, kama gunia linaloegemezwa vibaya. Mzee alikuwa nyuma yangu karibu mno kuweza kufunga breki. Akanikwepa kushoto, akaacha barabara, akaingia kwenye matope ya nyika na baiskeli yake mpaka magotini, akaanguka kifudifudi.

Na maegeshoni, wenzangu, lilikuwepo basi la watalii. Wazee wastaafu, arobaini hivi, vikombe vya chai mkononi, wamechoka kutazama ziwa. Wakageuka wote.

Nikajaribu kusimama, siwezi. Fundo la kikoi lilikuwa limekaza kiunoni, ncha nyingine ya kikoi imeviringwa kwenye meno ya cheni, mimi na baiskeli tumefungwa pamoja kama mbuzi na kigingi. Bibi mmoja alinisogelea na chai yake akaniuliza, "Are you all right, love?" Nikamjibu kwamba niko salama kabisa, nimelala chali.

Mzee Hersi akatoka matopeni. Ndevu zake, ambazo huzipaka hina nzuri ya rangi ya chungwa, zilikuwa nyeusi. Alikuwa anachechemea goti la kulia. Sikuthubutu kumtazama machoni. Jaggi akaja na kisu, hakusema "nilikuambia" (na hilo ndilo lililoniuma zaidi), akakata kikoi kiunoni na kukivuta kwa nguvu, na ile pini iliyokuwa kwenye kaptula ikafuata kikoi, na kitambaa cha kaptula kikafuata pini. Rraaa! Kuanzia kiunoni hadi karibu na paja. Na nimeshawaambia chini yake hakuvaliwi kitu. Mtu mmoja wa basi akapiga makofi. Simu nne, kwa hesabu yangu, zilikuwa juu.

Mama Béa akaleta gari karibu, akafungua mlango. "Mwana, ingia mu gari. Hakuna mutu atakucheka, vraiment, kweli kabisa," akasema, na huku ameziba mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa, mabega yanamtetemeka. Akamgeukia na mzee. "Na wewe papa, goti imevimba. Ingia."

"Hapana," mzee akasema. "Mimi sijawahi shuka basi katikati ya njia."

Nikamsikia. Nilikuwa nimemwangusha mtu huyu, nimempiga kitambaa usoni, nimemwaibisha mbele ya basi zima, na mtoto wake nimeshamkosa, hilo nilikuwa nalo hakika. Lakini garini sipandi. Nikishindwa, nishindwe barabarani. "Jaggi," nikasema, "una gundi ya utepe?"

Alikuwa nayo, ile nyeusi ya mafundi umeme. Nikageukia mlima, Jaggi akanipiga plasta nyuma, mistari saba, huku anapiga mluzi. Halafu akauliza nani atamkinga mzee, maana kwa goti lile hataweza upepo peke yake. Watu wakatazamana. Nikasema, "Mimi."

"Maili thelathini na kitu, Rajabu. Na hiyo suruali?"

"Nimesema mimi."

Tukaondoka. Nyika ile haina mti wala ukuta, upepo unakuja kifuani moja kwa moja, na mimi niliinamisha kichwa nikakanyaga. Jaggi alikuja ubavuni kunipokea zamu nikakataa. Akaja tena, nikakataa tena. Nilikuwa sina tena cha kuficha, aibu yangu yote nilishaitumia pale maegeshoni, na kilichobaki kilikuwa kazi ya miguu, na miguu ninayo. Kila nikigeuza shingo kidogo naliona tairi la mzee lipo, karibu, haliachi. Nikajiambia litafika, hata nikifa, lile tairi litafika.

Tulipoanza kuteremka Glencoe ikaja mvua. Gundi na mvua haviivi chungu kimoja. Nikasikia mstari wa kwanza unabanduka, wa pili, na baridi ikaingia mahali ambapo baridi haina ruhusa ya kuingia. Mkono wangu wa kulia ukaondoka wenyewe kwenye usukani kwenda kuziba. Na wakati huo huo nikaliona shimo mbele, limejaa maji, halionekani kama ni shimo.

Nina mkono mmoja. Nizibe kule, au nionyeshe hili? Mtu nyuma yangu haoni barabara, ana goti bovu, na tunateremka. Nikashusha mkono, nikaonyesha shimo. Likapita. Nikarudisha mkono nyuma, shimo jingine. Nikaonyesha. Baada ya la tatu nikaachana na makalio yangu, Mungu anisamehe, nikamwachia mzee na Scotland yote watazame wapendavyo, na mkono wangu ukabaki kazi moja mpaka tunafika: shimo, kokoto, kifuniko cha mtaro, shimo. Magari yalipita yakipiga honi. Sikuyajibu.

Fort William tulifika jioni jua bado liko juu. Niliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa hosteli, na kwa muda nikabaki nimesimama hivyo, mgongo ukutani, sitaki kugeuka. Mzee Hersi alishuka taratibu, akanijia anachechemea, matope bado yamo kwenye ndevu. Akavua koti lake la mvua, akanizungushia kiunoni, akafunga mikono ya koti kwa mbele, mafundo mawili, anakaza kama anayemfunga mtoto.

"Nimekaa nyuma yako tangu ile mlima," akasema. "Hiyo yote nimeona." Akalijaribu fundo kwa kidole. "Mashimo nilihesabu. Hakuna hata moja ulinisahau."

Machozi yalikuwa yananilenga, na sikutaka kuongeza aibu nyingine siku ile.

"Ile basi, miaka yote, abiria wa nyuma haoni barabara," akaendelea. "Anakaa tu, anaamini dereva. Waambie wazee wako waje nyumbani." Akaanza kuondoka, halafu akageuka. "Lakini waje wamevaa suruali."

Walikuja, wote wamevaa suruali, mjomba wangu hata akavaa mkanda na kanda za mabegani juu yake. Mimi nimejifunza, tena kwa gharama ya ngozi yangu, kwamba adabu inayompiga mtu usoni si adabu, ni kujipenda tu. Siku hizi tukitoka na mkwe natangulia mimi, kaptula ya kubana, mgongo nampa wote, mkono uko chini. Na nimeapa kikoi hakitagusa baiskeli yangu tena hadi naingia kaburini. Kikoi kipya nakivaa kulala tu, na hata kitandani huangalia kwanza kama hakuna cheni karibu.