Wakubwa wa Nyumba ya Vinyago

Nilikaa katika kamati ya nyumba ya vinyago ya Newala kwa muda usiopungua miaka miwili, na mpaka leo sijaona watu wazima wengine waliojua kupoteza asubuhi nzima kwa heshima kiasi kile. Ilikuwa zamani za mwisho za Mwingereza, ingawa wenyewe hawakujua kuwa ni za mwisho. Walipanga mambo ya miaka ishirini mbele, huku chai ikipoa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la zamani la mbegu, jengo la mawe karibu na boma. Bwana Shauri, yule Mzungu aliyetawala wilaya, alikuwa na mke asiye na kazi. Memsabu huyo alianza kununua vinyago vya mpingo kutoka kwa wachongaji waliokuja kuviuza barazani kwake. Baraza ikajaa, sebule ikajaa, mumewe akachoka kujikwaa. Ndipo likatoka tangazo kwamba Newala itakuwa na nyumba ya sanaa, mali ya umma, kila mtu ataruhusiwa kuingia na kutazama. Na kwa kuwa ni mali ya umma, lazima iwe na kamati.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Shauri. Mtunzaji alikuwa mkewe. Mjumbe wa tatu alikuwa padre Mzungu wa misheni, aliyepanda kwa lori kutoka Masasi kila kikao na kufika mwekundu kwa vumbi hadi kwenye nyusi. Wa nne alikuwa Liwali, mtu wa pwani, mwenye joho lililotariziwa na dharau ya wazi kwa watu wote wa bara, yaani sisi. Wa tano nilikuwa mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, mzaliwa wa Makote, nimesomeshwa na misheni, najua Kiingereza cha kutosha kutafsiri. Waliniambia nawakilisha wanawake. Hakuna mwanamke aliyeulizwa.

Kikao cha kwanza niliuliza, "Na wachongaji je? Hatawekwa hata mmoja?"

Liwali alicheka mpaka joho likatikisika. "Mwalimu, umeona wapi mpishi akaitwa kukaa mezani?"

Bwana Shauri naye alitabasamu kwa upole, akasema jambo hilo litafikiriwa. Kufikiriwa, nilikuja kuelewa, ndiko mambo yalikokwenda kufia.

Shauri kubwa la kwanza lilikuwa matiti. Vinyago vingi vilikuwa vya wanawake: anayetwanga, anayenyonyesha, aliyebeba mtungi wa maji. Padre alivizunguka akiwa amefunga mikono nyuma, kisha akasema hawezi kuwaleta watoto wa shule za misheni mahali penye uchi. Memsabu akasema sanaa haina uchi. Walibishana mpaka biskuti zikaisha. Mwishowe wakakubaliana kwamba vinyago vya kike vivalishwe vipande vya kaniki siku za wanafunzi, na vivuliwe siku za Wazungu. Kazi ya kushona nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye mwakilishi wa wanawake.

Nilishona. Wiki iliyofuata alikuja mchongaji mmoja wa Newala kutazama kazi yake. Alimkuta mama wa mpingo aliyemchonga, yule anayetwanga, amefungwa kaniki kifuani kama mtu aliyetoka hospitali. Akanigeukia.

"Kwani anaumwa?"

Alisogeza kaniki kwa kidole kimoja, akaona kinyago ni kizima, akakifunika tena taratibu, akaondoka. Hakurudi kuuza kitu pale.

Kabla ya sherehe ya kufungua nyumba, mama yangu alikuja kutoka Makote kuniletea ming'oko, vile viazi vya porini. Mama alikuwa mtu wa zamani, ana nembo za chale usoni, na ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, katika mdomo wa juu. Memsabu alimwona amekaa barazani kwangu, akasimama njiani kama aliyepigwa na radi. Alikuja kunishika mkono.

"Mwalimu, tafadhali. Siku ya kufungua, mama yako akae kwenye kigoda, pale karibu na mlango. Hana haja ya kufanya chochote. Akae tu, watu wamwone."

Nilimtafsiria mama kama nilivyoambiwa. Mama alimtazama memsabu kuanzia kofia hadi viatu, bila haraka.

"Mwulize, na yeye atakaa kigoda cha wapi, ili na mimi nije na watu wangu tumwone?"

Nikamwambia memsabu kwamba mama anashukuru sana, ila ana palizi. Memsabu alisikitika kwelikweli. Alisema watu wa huku hawaelewi thamani yao wenyewe.

Lakini hayo yote yalikuwa ya kuchekesha tu. Lililoivunja nyumba lilikuwa lipiko.

Msomaji asiye wa kwetu inafaa ajue. Kwenye ngoma zetu hutoka mchezaji aliyevaa kinyago cha kichwa, mwili mzima umefunikwa asijulikane ni nani. Huyo ndiye lipiko. Akicheza, kila mtu humwona, wanawake kwa wanaume. Ila kinyago chenyewe kikiwa kitupu, bila mtu ndani, ni cha wanaume waliotoka jandoni peke yao. Mwanamke hakioni. Kwetu ilisemwa kwamba akikiona atakosa uzazi. Kama ni kweli au si kweli, hakuna mwanamke aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu.

Basi vijana wa Makote walipigana kwenye ngoma moja, na tarishi wa baraza la kesi la Liwali akaja kuchukua kinyago cha lipiko kiwe ushahidi. Kesi ikaisha, vijana wakaachiwa. Kinyago hakikurudi. Liwali alikichukua akampelekea Bwana Shauri zawadi kwa ajili ya nyumba ya sanaa. Kutoa kisicho chake kulimpa furaha ya pekee.

Kikaoni memsabu alikifunua mbele yetu kwa mbwembwe, akivuta kitambaa. Niligeuza uso kabla hakijatoka chote, nikanyanyuka, nikaenda kusimama nje uani. Nilikuwa Mkristo niliyebatizwa, nilisoma, na moyo ulinienda mbio kama wa mtoto. Niliporudi waliniuliza kama nina homa. Nilieleza vizuri kabisa, kwa lugha zao mbili, kitu kile ni nini na kwa nini hakifai kukaa pale. Memsabu macho yakamng'aa.

"Ajabu! Hilo lazima tuliandike ukutani."

Habari zilishuka vijijini kabla ya jua kutua. Kuanzia siku ile wanawake waliacha kupita njia ya boma. Newala haikuwa na maji. Tulishuka bondeni kuyateka na kupanda nayo mteremko mkali, na sasa walioishi upande ule waliongeza mzunguko mrefu, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, ili wasipite mbele ya mlango ule. Wasichana wangu watatu waliacha shule maana mama zao walikataa wapite pale.

Niliyaleta haya kikaoni. Kamati ikazingatia. Padre alisema kinyago ni cha kipagani, lakini kikishawekwa juu ya meza na kuangaliwa kwa utulivu kinakuwa sanaa tu, hakina madhara. Liwali alisema kwa dini yake hata kukigusa ni vibaya, na hakukumbuka nani alikileta. Memsabu alisema ndicho kitu bora kuliko vyote ndani ya nyumba, na mgeni mkubwa kutoka kwa Gavana anakuja kukiona. Bwana Shauri, aliyependa kumridhisha kila mtu, akapata suluhisho. Siku za gulio kinyago kigeuzwe kitazame ukuta. Na nje liwekwe bango.

Bango likawekwa: WANAWAKE WASITAZAME. Wanawake wa njia ile hawakujua kusoma. Waliojua kusoma tulikuwa mimi na mwalimu mwenzangu, na tulikwishajua.

Mjomba wangu ndiye alikuwa mkubwa wa ngoma ile ya Makote. Alikuja na wazee wenzake wawili, wamevaa nguo zao safi, wakakaa nje ya ukumbi tangu asubuhi huku sisi ndani tukijadili rangi ya pazia. Nilipotoka kuwaita niliona aibu hata ya kumwangalia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wamemaliza kula?"

Aliingia, akasalimia kila mmoja, akasema kwa Kimakonde nami nikatafsiri. Kesi imekwisha. Wamekuja kuchukua kitu chao. Hawana ugomvi na mtu.

Bwana Shauri alijibu kwa huruma kwamba kitu hicho kimekwishaingia katika mali ya umma, na mali ya umma haiwezi kutolewa kwa mtu binafsi.

Mjomba akafikiri. "Umma ni nani?"

"Umma ni Serikali," Liwali akadakia.

"Hapana, hapana," padre akamsahihisha, kwa sauti yake ya mimbarini. "Umma ni ninyi wote, wenyeji wa nchi hii."

Mjomba akageuka kwa wenzake, wakanong'ona kidogo, akarudi. "Vizuri. Basi sisi umma tunakitaka."

Memsabu alimimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. Kisha mwenyekiti akasema shauri litafikiriwa kikao kijacho, na wazee wangu wakapewa ruhusa ya kuondoka.

Nilitegemea mjomba angekasirika. Badala yake alirudi baada ya siku chache, mpole kama maji ya mtungini, akamwambia Liwali kwamba Makote wangependa kumchezea lipiko yule mgeni wa Gavana. Liwali alijaa sifa. Alikwenda kwa Bwana Shauri akajipa yeye mwenyewe heshima ya kuwashawishi washenzi wale. Ila lipiko hachezi bila kinyago, alieleza. Kamati ikaketi, ikaridhia kukiazima kwa nusu siku, chini ya usimamizi wa Liwali. Niliulizwa maoni yangu. Nilisema sina pingamizi.

Mgeni alifika na gari jekundu kwa vumbi, ametoka Lindi, kalala Masasi. Akakalishwa kwenye kiti chenye mto, kamati tukapangwa pande zake mbili. Mbele yetu uwanja ulijaa watu kuliko nilivyowahi kuona Newala. Wanawake walikuwapo, wengi mno, hata wale wa vijiji vya mbali, hata mama yangu.

Ngoma zikalia. Lipiko akatoka, akarusha vumbi, akatikisa kiuno, akawakimbilia wanawake wakapiga mayowe na kucheka. Akaja mpaka mbele ya mgeni, akainama, akainuka, akamtikisia kichwa memsabu aliyekuwa akipiga picha. Mgeni alipiga makofi. Kisha lipiko akazunguka uwanja, na wapigaji ngoma wakamfuata, na nyuma yao wanawake kwa vigelegele. Walizunguka mara ya pili kwa duara kubwa zaidi. Mara ya tatu duara halikufunga. Lipiko alishika njia ya Makote akicheza vilevile, na uwanja mzima ukamfuata.

"Wanakwenda wapi?" Bwana Shauri akauliza.

"Ni desturi yao," Liwali akasema bila kusita. "Huzunguka kidogo, kisha hurudi."

Tukasubiri. Ngoma zilisikika mbali, halafu mbali zaidi, halafu zikamezwa na mikorosho. Vumbi lilituama. Uwanjani alibaki mbwa mmoja. Chai ililetwa. Liwali alikuwa akitazama njia, jasho likimshuka chini ya kilemba, na mimi nilikuwa nimebana midomo mpaka ikauma. Mgeni alitazama saa yake, akasema ni mila nzuri sana, ila je, anaweza kuiona hiyo nyumba?

Akaonyeshwa. Aliona nje bango la kuwakataza wanawake, na ndani meza tupu. Aliona pia vinyago vyote vya kike vimefungwa kaniki, maana katika pilikapilika hakuna aliyekumbuka kuvivua. Aliuliza kwa nini vimevalishwa. Padre alimtazama memsabu, memsabu alimtazama mumewe, mumewe alitazama dari.

Kesho yake tarishi alitumwa Makote. Kila mzee alimwambia jambo lilelile: lipiko si mtu, ni mzimu, amerudi alikotoka. Tarishi mwenyewe alikuwa Mmakonde wa jandoni. Hakutafuta kwa bidii. Kamati ilikutana, ikabishana sana, ikakubaliana kuandika kwamba kinyago kimeazimwa na wenyeji kwa muda. Hivyo ndivyo watu wale walivyoshindwa: kwa kauli moja, na shukrani kwa mwenyekiti.

Wanawake walirudi kupita njia ya boma. Wawili kati ya wasichana wangu walirudi darasani. Wa tatu alikuwa amekwishaozwa, na hilo sikuwahi kuwasamehe wanakamati wenzangu.

Haukupita muda Bwana Shauri akahamishwa. Memsabu alifunga vinyago bora vyote kwenye makasha, mali ile ya umma, akaondoka navyo, na kamati ikampigia makofi kwa utumishi wake. Bwana Shauri mpya alikuwa mseja mpenda kuwinda. Alijaza korosho ndani ya jengo. Liwali aliomba likizo ya kwenda pwani, hakurejea.

Hata hivyo kikao cha mwisho kilifanyika, kwa sababu kilikuwa kimepangwa. Tulifika wawili, padre na mimi, tukakaa juu ya magunia. Padre alifungua mkoba wake, akapangusa miwani, akasema ajenda ya kwanza ni saa za kufungua kwa umma mwaka ujao.

Nikamwambia, "Baba, mimi nina kipindi cha hesabu saa nne."

"Lakini bila wewe hatutatimia," akasema, amenuna kama mtoto.

Nilimwacha pale na mkoba wake magotini, nikaenda kufundisha.