Sahani ya Futari na Zabuni ya Maabara

Mimi ni mtu wa kununa, na Ramadhani ile nilinuna mwezi mzima. Hospitali yetu ya serikali ilikuwa inatafuta maabara ya nje ya kupima damu za wagonjwa, serikali ilipe, mgonjwa asitoe kitu. Nami nikawekwa kwenye kamati ya kuchagua. Walioomba ni wawili: kampuni yenye mashine mpya na bei ya chini, na jirani yangu hapa mtaani kwetu Ng'ambo, mwenye maabara ya chumba kimoja. Bei yake ilizidi kidogo kwa kuwa aliahidi kuwafuata majumbani wasioweza kutoka. Mama yangu, aliyepooza miguu, ni mmoja wao. Jirani ndiye aliyekuwa akija kumtoa damu kitandani.

Karatasi yetu ya alama ilikuwa na nafasi ya bei, ya mashine na ya kasi. Ya kumfuata mtu kitandani haikuwamo. Nikaapa kwamba kikaoni nitalisema hilo hata wakichukia.

Siku mbili kabla ya kikao, karibu na magharibi, jirani akapiga hodi, mkononi sahani ya mkate wa kumimina. Kanuni za zabuni zilikataza mjumbe kupokea chochote kwa muombaji.

"Jirani, mwaka huu nsamehe," nikamwambia.

"Kwani nimetia sumu?" Akacheka. "Nshapika, sasa nirudi nayo?"

Kumrudishia mtu futari mlangoni ni kumwambia ujirani basi. Nikapokea. Na sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo nikatia sambusa, nikampelekea.

Kikaoni nikaona bora niwe safi, nikasema kila kitu. Nilidhani nitaonywa tu, halafu tuendelee.

"Umefanya vyema kusema, Bi," akasema mwenyekiti. "Sasa tupishe."

Nikakaa kwenye benchi nje, maneno yangu yote mdomoni. Mlango ulikuwa mwembamba, niliwasikia wakisoma alama moja moja. Hakuna aliyewataja wasioweza kutoka. Nilijichukia kwa ukweli wangu, kisha nikajichukia zaidi: ningewasemea wagonjwa, au mama yangu tu? Mpaka leo sijui.

Kampuni ikashinda, na kwa karatasi ile ilistahiki. Baada ya Idi, daktari wa hospitali akawa hapokei majibu ila yao, na wao hawaendi nyumbani kwa mtu.

Asubuhi ya kwanza ya kumpeleka mama kwao kupimwa, wanaume wanne wa mtaani walimteremsha ngazi za ghorofa tatu juu ya kiti cha plastiki. Ameshika mikono ya kiti, macho kayafumba. Chini, tulipopita penye maabara ya jirani, akayafumbua.

"Mwanangu, yule jirani nimemkosea nini hata haji tena?"

"Ana kazi nyingi, mama."

Jirani alikuwa kasimama mlangoni kwake, hana mteja hata mmoja, anatusikia.