Barafu Juu ya Kitanda cha Jirani
Jengo letu katika mtaa wa Point, Durban, lilikuwa kuukuu, na vyumba vya nyuma havikutazama nje. Dirisha pekee la kila chumba lilifungukia uwazi mwembamba katikati ya jengo, ambamo mabomba ya vyoo vya ghorofa zote yalishuka, mengine yakivuja. Kwa sababu hiyo jirani yangu, kinyozi Mkongomani, na mkewe walilifunga mwaka mzima. Februari chumba chao kilikuwa tanuri.

Wakati huo niliandika tasnifu ya udaktari juu ya tabibu mmoja wa karne ya kumi na tisa, aliyefanya kazi katika mji wa bandari wenye joto na homa. Aliamini kwamba homa huletwa na hewa iliyooza. Aliusihi mji ukaushe vinamasi na kuzoa taka. Katika chumba cha wagonjwa alitundika chombo cha barafu darini, ili hewa baridi iwashukie. Baadaye alibuni mashine ya kutengeneza barafu, akachekwa. Jirani alipenda kusimuliwa habari hizi kuliko walivyopenda wasimamizi wangu kuzisoma.

Aliporudi kutoka kwao kumzika mama yake, alishikwa na homa. Nilimsihi aende hospitali na kutaja alikotoka, kwa kuwa Durban haina malaria na huenda wauguzi wasiifikirie.

"Hospitali ya nini? Docta si iko hapa?"

"Mimi ni daktari wa vitabu, kaka."

"Na bale bengine balisoma nini, magazeti?"

Mkewe akasonya. "Anadanganya. Makaratasi yake ilikwisha, anaogopa batamufukuza."

Kesho yake nilikuta beseni la barafu likining'inia darini, juu ya kitanda.

"Unaona? Iko fresh. Ule muzee wako alikuwa na akili."

Nilimweleza kwamba tabibu yule alipoza miili tu. Aliyeleta homa alikuwa mbu, ambaye hakumshuku. Hata kukausha vinamasi kulifaa kwa sababu asiyoijua. Alinisikiliza amefumba macho.

"Lakini bagonjwa bake balilala muzuri?"

Nikakiri kwamba walilala vizuri.

"Basi."

Siku mbili alilala vizuri. Alipoanza kuzungumza na mama yake, tulimbeba mimi na mkewe hadi kwenye teksi. Hospitalini hakuna aliyeuliza makaratasi. Walimpima damu, wakakuta malaria imekwisha kupanda ubongoni. Alifariki asubuhi iliyofuata.